Godoro Lililosema Limepoa

Wapendwa, mji mmoja ulikuwa na askari wa zimamoto aliyependwa na kila mtu. Akipita tu, mtaa mzima: "Pole na kazi, afande!" Naye, kabla hujamaliza: "Nishapoa!" Kwa sauti ya furaha kabisa.

Mkewe ndiye aliyejua. Tangu siku ile mume alipomfikia mtu ndani ya nyumba inayoungua akamkuta ameshafariki, miezi miwili sasa, jiko likiwashwa yeye hutoka. Alikula getini, amesimama, chakula kimeshakuwa baridi. Mkewe alianza kusahau walikula pamoja lini.

Asubuhi moja duka la magodoro ya sufi likashika moto. Yeye na wenzake wakauzima. Mwenye duka, mama mmoja mwenye maneno, akaona wanatoa visu.

"He! Mnanipasulia godoro la nini? Moshi hakuna. Limeshapoa!"

"Mama, godoro hudanganya," askari akamwambia. "Nje baridi, ndani linawaka. Tukiliacha, jioni utatuita tena."

Akalipasua. Kweli, katikati sufi ilikuwa nyekundu kama kaa la moto.

Mama akaenda kumletea soda. "Pole na kazi, mwanangu."

"Nishapoa!"

Mama akamtazama juu mpaka chini. "Kama godoro langu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Naye akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakakataa kukoma. Akaketi ukingoni mwa barabara. "Mama, sijapoa."

Mnadhani walimdharau? Mkuu wake alivua kofia, akaketi kando yake. "Hata mimi nilipasuliwa kama godoro hilo, mwaka juzi. Kesho nakupeleka kwa mshauri aliyenisikiliza."

Akaenda, wiki hadi wiki. Na leo mnajua yuko wapi? Jikoni! Anageuza chapati, tena anaziunguza, mkewe anapiga kelele: "Zimamoto gani wewe!"

Wapendwa, sisi pole tunazo nyingi. Tunazirusha huku tunatembea, kwa kuwa jibu tunalijua. Nani kati yetu amewahi kusimama alisikie? Humu mna nesi wa majeruhi. Kule nyuma yupo dereva wa ambulensi. Msigeuke kumkodolea macho! Leo pale mlangoni, mmoja wao akitujibu "nishapoa," tumuulize kama yule mama alivyouliza. Kisha tukae naye, soda mkononi, hata jibu likitumalizia mchana wote.