Pampu ya Mwenyekiti Kiboko

Paukwa!

Pakawa.

Mnanisikia huko nyuma?

Tunakusikia, pampu imezimwa.

Basi kaeni vizuri.

Hapo kale wanyama walihamia ghorofani. Chini kabisa, mlango kwa mlango, walikaa Kiboko na Nguchiro. Maji ya jumba zima yalipandishwa na pampu moja, nayo ilifungwa ukutani kwa Nguchiro. Ikinguruma, ngu-ngu-ngu-ngu, vikombe vyake vilicheza kabatini, ti-ti-ti.

Pampu ilitakiwa kuwashwa asubuhi tu. Lakini Kiboko alipenda kulowa kutwa katika beseni lake, na beseni la Kiboko mnalijua halijai. Nguchiro alikuwa amejifungua juzijuzi. Kitoto chake kilikuwa hakilali. Kisipolala hakinyonyi, kisiponyonya kinakonda. Nguchiro alikitazama kinavyokonda, akaogopa sana.

Akaenda kwa mwenyekiti wa wapangaji. Mwenyekiti alikuwa Kiboko.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba."

"Pampu inanguruma kutwa, mtoto halali."

"Malalamiko yako yamepokelewa," akasema Kiboko, akarudi kulowa.

Ngu-ngu-ngu-ngu.

Akaenda tena. "Shikamoo, mwenyekiti. Mtoto anakonda."

"Marahaba. Malalamiko yako yamepokelewa. Kamati inayafanyia kazi."

Kamati nayo ilikuwa Kiboko.

Nguchiro hakwenda tena. Alikwenda kwa binamu zake, na nguchiro hawakosi binamu. Kesho yake wakaja na ndoo tupu, wakapanga foleni mlangoni kwake. Kila mmoja alipiga hodi, akasema, "Shikamoo, mwenye maji," akaacha tikiti maji moja.

Kiboko akachungulia dirishani. Akaona foleni. Akaona matikiti.

"Jirani, hawa wanakuheshimu kwa lipi?"

"Kwa pampu tu, mwenyekiti. Si unajua mambo ya mtaani, anayekaa na pampu ndiye mwenye maji. Wakiisikia inanguruma wanakuja kumwamkia. Mimi naona haya, maana cheo ni chako."

"Hilo ni kosa la kiutawala," akasema Kiboko.

Akaing'oa pampu, akaifunga katika chumba chake cha mwisho, kichwani mwa kitanda. Akaiwasha, akajilaza kusubiri matikiti.

Ngu-ngu-ngu-ngu. Vikombe, ti-ti-ti. Meno yake, ka-ka-ka. Kitanda kikatembea hadi mlangoni. Binamu hawakuja, na kuizima hakuthubutu, wasije wakapita wasisikie.

Jua lilipofika utosini akashindwa. Akatoka nje, akapiga hodi mlangoni kwake mwenyewe.

"Mwenyekiti, pampu inanitesa."

Akaingia ndani, akakohoa. "Malalamiko yako yamepokelewa."

Akatoka tena. "Yamepokelewa nini, na kichwa kinapasuka?"

Kamati ikakaa papo hapo. Ikaamua kwa kauli moja pampu ijengewe kibanda uani, iwekwe juu ya mpira, iwashwe asubuhi tu. Kabla ya alasiri kibanda kilikuwa kimesimama.

Kitoto cha Nguchiro kikanyonya, kikalala. Binamu wakaja kuchukua matikiti yao.

Sasa fundisho, watoto. Ukisumbuliwa na kelele za jumba, usifanye ujanja. Ujanja ni tabia mbaya. Fuata utaratibu, peleka malalamiko kwa mwenyekiti, kisha subiri kwa adabu. Kiboko alifuata utaratibu, na mmeona alivyosikilizwa upesi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, mgawieni jirani. Ikiwa chungu, mpelekeeni mwenyekiti.