Jini wa Ungo wa Bi Mize

Niitikieni, au nikalale! Haya.

Bi Mize alikuwa akimwoza binti yake, na wali wa harusi sharti aubandike mama mwenyewe. Wageni wakikuta jiko baridi, wanarudi na bwana harusi wao.

Sasa, ndani ya ungo wake aliishi jini. Bi Mize akichagua mchele, jini humwambia, "Bado kijiwe kimoja." Siku hiyo akachagua upya, jini akanenepa. "Bado." Akachagua tena, jini akajaa ungo. Mara ya tatu vidole vilimtoka damu, mchele ukawa chenga, na ngoma ya wageni ikasikika njiani.

"Wifi, tutaaibika!" Saumu akafoka. "Si umeshachagua?"

"Najua! Lakini huenda kimo!"

"Basi kiwemo! Atakayekitafuna si atatema?"

Bi Mize akaumimina mchele sufuriani. Jini akapiga ukelele, "Utaua watu!"

"Huenda," akasema, akafunika.

Jini akanywea, akawa kama chawa. Baba mkwe alitafuna kijiwe, akatema, akaomba ukoko.

Na jini je? Hajafa, nisiwadanganye. Kila asubuhi husema, "Bado." Bi Mize humjibu, "Huenda," na wali unaiva.

Nimemaliza, na sirudii.