Zimwi Lililosahau Tumbo Lake

Sogeeni, wanangu, mwenye sikio alilete!

Palikuwa na zimwi lililomeza msafara mzima wa bwana harusi, pamoja na ngoma zao. Likiwa limeshiba, likateleza mwambani, likagonga kichwa, puu! Lilipozinduka halikujua hata jina lake. Likaingia kijijini kwa upole, likawa linateka maji na kubembeleza watoto, nao watu wakalipenda.

Siku moja Mwanakheri, bibi harusi aliyekuwa bado anamngoja mchumba wake, alitwanga mpunga pamoja nalo huku akiimba wimbo wa harusi. Tumboni mwa zimwi ngoma ikajibu: ti-ndi-ti!

"Umemeza nini, kaka?"

"Sijui, dada."

Akaimba tena. Ti-ndi-ti!

"Umemmeza nani?"

"Wallahi sikumbuki!"

Akaimba mara ya tatu. Sauti ya mchumba wake ikaitikia humo ndani, naye akapiga yowe.

Watu wakaja na mapanga. Wengine wakalitetea: "Liacheni! Lililomeza ni lile la zamani, hili halijui lolote."

Zimwi likajishika tumbo. "Sikumbuki kumeza, lakini tumbo ni langu."

Likapanua kinywa, likajikamua mpaka machozi yakalitoka. Wakatoka wapiga ngoma, wakatoka mashangazi, akatoka bwana harusi, kilemba chapachapa.

Vigelegele! Watu wakalishukuru.

"Mkinishukuru kwa kuwatoa," likasema, "nilaumuni pia kwa kuwameza."

"Haya," Mwanakheri akacheka, "masufuria yote ya harusi utaosha wewe."

Likaosha yote likiimba, na kila lilipompita bwana harusi, lilijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Nami hadithi yangu naitema hapa, nzima kama walivyotoka wao.