Ubao wa Kukulia

Wapendwa, leo nawapeleka dukani kidogo, tukanunue kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukinunua wala hamna mpango nacho. Mmewaona vijana kule ufukweni wanaosimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi? Basi, ubao ule. Mama mchungaji ananitazama kama vile nimepotea njia. Subiri, mama, nitafika.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mgane, aliyekuwa akimlea binti yake wa pekee. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Na mnajua sare zetu zinavyoshonwa. Mtoto anapimwa vizuri, halafu mzazi anasema, "Fundi, ongeza, atakulia humo." Mtoto anakwenda darasani mikono yote imemezwa na shati. Nani hapa hakuvaa sare ya namna hiyo? Msinyooshe mikono, nawajua.

Binti alikuwa na miaka tisa, na akili yake yote ilikuwa kwenye mawimbi. "Baba, na mimi ninunulie ubao." Kila siku wimbo ni huo. Na baba alimpenda, nasema mapema msije mkamhukumu vibaya. Jumamosi moja akafunga chumba chake cha cherehani, akaenda dukani peke yake.

Muuzaji akamuuliza, "Wa nani, mzee?"

"Wa binti yangu. Nimemwacha nyumbani, nataka nimshtukize."

"Nenda ukamlete kwanza. Ubao unanunuliwa kwa uzito wa mtu, kwa kimo chake, na kwa jinsi alivyozoea maji. Tena aubebe kwapani hapahapa nione. Vidole visipofika ukingoni, huo si wake."

Fundi akacheka. "Kijana, kupima watu ndiyo kazi yangu. Nipe ule mrefu. Mtoto anakua."

"Lakini mzee, ataingia baharini na mwili wa leo."

Mzee hakusikia. Ubao ukaja nyumbani, mtoto akapiga kelele za furaha, akaukumbatia, mkono ukaishia katikati. Ufukweni ilibidi baba ambebee. Wimbi la kwanza likaunyakua ubao na kumburuta mtoto kwa ile kamba inayofunga ubao na mguu, akatoka anakohoa na kulia. Muuzaji aliposikia akasema, "Rudisha, nikubadilishie mdogo." Baba akakataa. Mdogo si ataupita mwakani? Akautundika ubao kwenye kenchi za paa, katika chumba cha cherehani. "Utakua, mwanangu. Kitu chako kipo."

Kila likizo mtoto alikuja kusimama chini yake. Baba anaushusha, mtoto anajaribu.

"Baba, nimefika?"

"Bado kidogo, mama."

Wenzake wa rika lake walikuwa baharini na vibao vyao vidogo, wanaanguka na kucheka. Yeye anangoja mkono urefuke.

Ikaja likizo moja, hakuuliza. Baba hakugundua. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, meza imejaa sare za watoto wa watu. Niambieni, nani kati yetu hugundua siku mtoto anapoacha kuomba? Nyumba inakuwa kimya, nasi tunafurahi, tunasema mtoto ametulia, sasa ana akili.

Miaka ikaenda. Asubuhi ambayo binti alikuwa anaondoka kwenda chuo, begi liko mlangoni, mzee akainua macho, akauona ubao. Akaushusha mbio, akaufuta vumbi, akamwekea binti kwapani. Vidole vikafika ukingoni barabara.

"Umefika!" Mzee wa watu akapiga makofi. "Mwanangu, umefika!"

Binti akauegemeza ubao ukutani, taratibu. "Asante, baba. Hamu iliniisha zamani. Sikutaka kukuambia, nilikuona unavyoungojea kwa furaha."

Akamkumbatia, akachukua begi lake, akaenda.

Wapendwa, ubao ulimtosha kabisa. Yule mtoto aliyeuomba ndiye hakuwepo tena. Fundi alikaa mbele ya cherehani yake siku nzima bila kushona kitu, na mimi nikimfikiria moyo unaniuma, maana hakuwa baba mbaya.

Na sisi? Tunahangaika na ada, tunatafuta viwanja, tunajenga, na tukiulizwa tunasema ni kwa ajili ya watoto. Kweli, ni kwa ajili yao watakapokuwa watu wazima. Lakini huyu wa leo, anayetuvuta nguo atuonyeshe picha aliyoichora, tunamwambia ngoja. Tumempenda sana mtu ambaye bado hajafika, na aliyefika amekaa sebuleni peke yake. Mungu amekupa huyu, na hatakupa miaka yake tisa mara ya pili. Wengine wetu hapa imeshatupita, tunalijua hilo, na hakuna maombi ya kuirudisha.

Nilipanga kuwaita wanaotaka kutubu waje hapa mbele. Msije. Shule ya Jumapili imekwisha zamani, watoto wenu wako hapo nje kwenye jua, wanangoja mchungaji anyamaze. Nendeni.