Nanzia na Tandala wa Kwamgogo

Hadithi iko mlimani!
— Ishushe!
Nikiishusha mtaiamini?
— Ukituongopea tunakurudisha nayo!

Haya, anayebisha asimame sasa nimwone. Hakuna? Waoga nyie!

Hapo kale, kale ya karibu maana mimi nilikuwepo, katika mlima wa Kwamgogo aliishi tandala dume, pembe zimejisokota mara tatu. Kila mtu aliwahi kuona alama za kwato zake. Yeye mwenyewe, hakuna.

Basi mkuu wa wawindaji akafariki. Wazee wakasema, "Atakayetuongoza tukamwona dume yule kwa macho yetu, huyo atapewa mkuki wa marehemu. Asituoneshe alama za kwato. Asituoneshe kinyesi. Mnyama mwenyewe!"

Akajitokeza Sempombe, mwenye mbwa. Nikajitokeza mimi Kilangi, mwenye miguu. Akajitokeza Nanzia, binti wa marehemu, mwenye nini? Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

"Dada, mlima si shamba la maharage!"

"Na miguu si macho, kaka," akanijibu. "Ule mkuki ni wa baba. Hautoki nyumbani."

Siku ya kwanza akapanda Sempombe. Mbwa bwe! bwe! bwe! Bondeni wakaibua majike sita na watoto wao. Dume? Hamna. Madume wazee hawakai na kelele za watoto. Kwani nyie baba zenu hukaa jikoni?

Siku ya pili nikapanda mimi. Jamani, nilipanda! Kilele hiki, kilele kile, kilele cha tatu, jua halijafika utosini. Hesabu niliiacha shuleni, lakini vilele nilivihesabu. Nikakuta mahali alipolala, nyasi bado zina joto. Nikakuta tena. Nikakuta tena. Upepo ulikuwa unampelekea jasho langu kama barua. Mwenda mbio hujikwaa. Mimi nilijikwaa mara tatu.

Siku ya tatu, alfajiri, akatoka Nanzia. Mnadhani alipanda?

— Alipanda!

Hakupanda! Alikaa. Akaketi kwenye jabali la ng'ambo, akautazama mlima kipande kwa kipande, kama mtu anayechambua mchele. Hakutafuta tandala. Alitafuta sikio. Alitafuta tawi linalojikunja pasipo na mti. Umande ukakauka, amekaa. Jua likapanda, amekaa. Kivuli kikahama, na palepale chini ya ukingo wa mwamba, tawi likatikisa nzi.

Mwanamke yule! Akachota jivu kwenye kifuko, akalirusha, akaona upepo unapanda. Akashuka kuwaita wazee. Hakuwapitisha chini, maana dume mzee hulala macho yakitazama bondeni, adui zake wote hutokea huko. Aliwazungusha nyuma ya mlima, wakatokea juu yake, wakalala kifudifudi.

"Yuko wapi?" mzee mmoja akanong'ona.

"Babu, chini ya kidevu chako."

Alikuwa pale, anacheua, pembe kama moshi uliogoma kutawanyika. Hakuna aliyeshika upinde. Mzee wa watu alilia. Jioni ile Nanzia akakabidhiwa mkuki, na mpaka leo akisema "kaeni", tunakaa.

Ngojeni, msiinuke. Kuna kipande nilikiruka.

Siku ile ya tatu nilimfuata. Nilijificha kichakani pembeni mwa jabali lake, jiwe mkononi. Nilitaka akimwona tu, nilirushe, dume akimbie, mkuki ubaki hauna mwenyewe. Nikasubiri. Sijapumua. Naye, bila kugeuka, akasema taratibu:

"Kilangi, sikio lako limepigwa na jua. Weka jiwe chini polepole, utamwamsha."

Alinipata mimi kabla ya tandala! Angewaambia wazee, ningefukuzwa kijijini. Hakumwambia mtu. Nimewaambia mimi, leo, naye amekaa pale anajifanya hasikii.

Hadithi nimeishusha, mgongo umekuwa mwepesi.
Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu niachieni mimi.

— Tumeipokea!