Kidari na Tundu la Bi Kibogoyo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya watu walioshiba. Nataka ya wenye njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Sasa naam! Hapo zamani za kale, mbali huko kusini, bahari yenyewe ilikuwa inaganda juu ikawa ngumu kama sakafu. Na huko waliishi sili. Sili mnamjua? Mnyama wa majini, mnene, mviringo kama gunia lililolowa. Ana masharubu. Macho makubwa, kama kasikia umbea sasa hivi! Chakula chake kiko chini ya maji. Pumzi yake iko juu. Na katikati pana barafu.

Basi utaishije? Unatoboa tundu. Kila sili na tundu lake. Na barafu ya kule haina adabu: ukiipa kisogo tu, tundu limeziba. Kwa hiyo kila asubuhi sili wote wanaamka, wanafungua vinywa, wanatafuna ukingo wa tundu kwa meno. Kru! Kru! Kru! Nchi nzima kru-kru-kru, utadhani kijiji kinatafuna mahindi makavu.

Wote, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja jina lake Kidari. Kijana mzuri, kifua kipana, meno meupe pee! Akiambiwa, "Kidari, tundu lako linaziba," anacheka.

"Nitafune barafu? Kwa meno haya? Haya ya kuchekea, jamani, si ya kazi."

Tundu likaziba. Kidari akawa anapumulia kwenye matundu ya wenzake. Leo kwa shangazi yake, kesho kwa jirani. "Hodi! Naomba pumzi mbili tu." Mbili zinakuwa ishirini. Watu wakachoka naye. Wakimwona anakuja, wanakalia matundu yao, wanayaziba kwa makalio. Eti wanaota jua!

Kidari akaona aibu. Akataka tundu lake. La kutafuna? Thubutu! Alitaka la tayari.

Na tundu zuri kuliko yote lilikuwa la Bi Kibogoyo. Bibi huyu alikuwa ametafuna barafu tangu usichana wake, mpaka meno yakaisha, vikabaki visiki. Lakini tundu lake! Pana, duara, samaki tele chini yake. Kidari akalitazama tundu. Akamtazama bibi. Moyoni akasema, mzee huyu pumzi anafanyia nini?

Akatangaza mbele ya watu wote: "Bibi, tushindane kuzama. Tuingie hapa kwako, mimi na wewe. Atakayetangulia kutoka, tundu hana."

Bi Kibogoyo akamtazama. "Na nikishindwa, mjukuu wangu, nitapumulia wapi? Visiki hivi vinatosha kulitunza hili tu, havitoboi jingine."

Kila sili alijua. Bibi akikosa tundu, bibi kafa. Wangesema neno, hawakusema. Kila mmoja alikuwa anapiga hesabu yake: Kidari akipata la bibi, langu litapona.

"Mchezo tu huo, bibi," shangazi yake Kidari akasema. "Kijana anachangamsha mtaa."

"Haya. Na wewe ukishindwa, Kidari?"

"Mimi?" Kidari akacheka mpaka masharubu yakacheza. "Nikishindwa nitatafuna barafu maisha yangu yote!"

"Wamesikia," bibi akasema.

Mwamuzi akawa Ngwini, ndege asiyeruka, koti jeusi, tumbo mbele kama mjomba wa bwana harusi. Kazi yake kulizunguka tundu na kuhesabu mizunguko. Sili wengine wote wakakaa kwenye matundu yao, wameyaziba vizuri, wanatazama.

Kidari akavuta pumzi. Hhhuuuu! Akavuta tena. Kifua kikafura, mashavu yakafura, macho yakatoka.

Bi Kibogoyo yeye akaitoa. Fuuuuu! Yote. Akafunga pua, akafunga masikio.

"Anaimwaga!" watu wakapiga kelele. "Anaimwaga pumzi! Bibi kachanganyikiwa!" Wakacheka mpaka wakabingirika.

Bibi akaingia. Chubwi! Hata maji hayakuruka.

Kidari akaingia. Pwaaa! Lo! Kichwa chini, makalio juu. Kifua kimejaa, hakizami. Anaelea kama dumu tupu! Ngwini akageuka pembeni, akajifanya hajaona. Majirani wakaja mbio, wakamsukuma makalio kama gari bovu. "Moja, mbili, sukumaaa!" Ndipo akazama, na wao wakarudi kuketi.

Chini kule akamwona bibi. Bibi hapigi miguu. Anateleza tu kwenda chini, kama jiwe lililolala usingizi. Kidari anapiga miguu fap-fap-fap. Moyo wake du-du-du-du-du. Miguu inadai pumzi, tumbo linadai pumzi, mkia nao umo. Mzunguko wa saba wa Ngwini, Kidari kakaukiwa.

Akafikiri, nikitokea kwa bibi nimeshindwa. Ngoja niibe pumzi kwa shangazi, nirudi, nani atajua?

Mbio kwa shangazi. Ti! Kichwa kikagonga makalio. Akapiga tena, ti! ti!

Juu shangazi akaruka kidogo. "Uuwi! Leo samaki wana utani!" Akakaa vizuri zaidi.

Mbio kwa jirani. Makalio. Kwa jirani wa pili. Makalio! Yale yale aliyoyafundisha mwenyewe kuziba. Kurudi kwa bibi sasa ni mbali. Macho yanaingia giza. Kidari akaikumbuka sehemu moja tu yenye barafu nyembamba: tundu lake mwenyewe, lililoziba.

Akafungua kinywa. Kru! Jino moja likaenda. Kru! Mawili. Kru! Kru! Kru!

Hhhaaaa!

Watu wakageuka. "Nani yule? Si Kidari? Mbona anatokea kule? Na meno yako wapi?"

"Mzunguko wa kumi na nne!" Ngwini akasema.

Na bibi? Bibi hayupo. Ngwini akazunguka mara thelathini. Akazunguka mara sitini. Kizunguzungu kikamshika, akaanguka kifudifudi.

"Amekufa," mmoja akanong'ona.

"Maskini. Alikuwa mtu mzuri."

"Mtu mzuri sana. Sasa tundu ni la nani?"

"Langu, mimi jirani yake!"

"La ukoo wetu!"

"Thundu langu," Kidari akasema kwa pengo. "Mimi nilikuwa namhethimu."

Wakashikana masharubu! Wanavutana, wanazabana makofi, na katikati yao, fuuuu! Kichwa kikatokea, samaki mdomoni, mkubwa kuliko Ngwini.

Bibi akamtema samaki. "Nani kafa?"

Akajilaza ukingoni, akapumua, akapumua tena. Kisha akasema:

"Kifua ni debe tu, Kidari. Ukishuka nalo limejaa, linakurudisha juu. Pumzi yangu mimi naiweka kwenye damu, naiweka kwenye nyama. Moyo nauambia, taratibu. Du. Halafu kimya. Du. Miguu naiambia, subirini. Tumbo nalo, subiri. Kilichopo kinaenda kichwani na moyoni, basi. Mama yako nilimfundisha mimi. Naye akakufundisha wewe, ila wewe ulikuwa unajitazama meno kwenye barafu."

Akawatazama na wale wengine, mmoja mmoja. Ah, walivyoinama!

Kesho yake asubuhi, kru-kru-kru, nchi nzima. Na Kidari yumo. Bibi akapita, akamchungulia kinywani. "Alaa! Sasa umefanana na mwenye tundu."

Mara akaja kijana mwingine, meno meupe pee. "Hodi, kaka Kidari! Naomba pumzi mbili tu."

Kidari akaliziba tundu zima kwa makalio. Akasema anaota jua.

Basi fundisho ni hili: tafuna tundu lako mwenyewe, na usimcheke aliyemaliza meno kwa kutafuna lake. Na wewe uliyekaa kimya ukitazama, usidhani hukuonekana.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa tundu. Anayetaka iendelee, na atoboe lake.