Zambarau Ndani ya Kimkeka

Mnacheka mkimwona fundi amekaa na kimkeka cha kiganja, anakikunja na kukikunjua, zambarau moja ndani? Chekeni tu. Kicheko hichohicho nusura kiue mtu.

Zama zile watu wa Mkunguni hawakujua nyumba ya udongo. Mto ulipofurika walihama na nyumba zao mabegani, maana zilikuwa mikeka yenye mikunjo: ikikunjwa ni mzigo wa mtu mmoja, ikikunjuliwa ni chumba. Fundi wao alikuwa Bi Mize, mkono mwepesi, kiburi tele. Na kwao kujaribu kazi kwa udogo kulikuwa aibu. Fundi aliyeonekana na kimkeka cha kujaribia alizomewa njia nzima.

Mwaka mmoja akashona nyumba kubwa kuliko zote, kwa mikunjo ambayo hata yeye hakuwahi kuikunja. Mumewe, Mzee Shee, akamwambia, "Mke wangu, ijaribu kwanza kwa kipande."

"Nijaribu mimi? Hivi unanijua wewe?"

Wakaisimamisha. Mjukuu wao Tima, wa miaka minne, akawatangulia watu wote kuingia.

Nyumba ikajikunja. Haikuanguka, ilijikunja, mkunjo ukavuta mkunjo mwenziwe, hata pale palipokuwa na chumba pakabaki furushi, na ndani yake mtoto analia. Bi Mize akakaa chini palepale. Wanaume wakashika pembe mbili wakavuta. Furushi likakaza, kilio kikafifia. Mmoja akaja na panga, lakini nani alijua mtoto yuko upande gani?

Ndipo Bi Mize alipochana jani la mgomba mbele ya kijiji kizima, akalikunja kama alivyoikunja ile nyumba. Akaokota zambarau chini, akalitia ndani, akavuta pembe. Zambarau likapondeka, maji yake yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Alishtuka kuliko alivyoshtuka mwanzo, kwa kuwa sasa alijua. Hakuna aliyecheka.

Akakunja jani la pili, akatia zambarau jingine. Safari hii alizisukuma pembe kuelekea katikati, na jani lote likachanua kiganjani mwake. Hakuyaamini macho yake.

"Acheni kuvuta," akasema. "Sukumeni. Pembe zote mbili, kwa pamoja."

Walimwona amerukwa na akili, ila wakasukuma. Nyumba ikafunguka, Tima akatoka amelowa jasho, akauliza bibi analia nini.

Na tangu siku hiyo fundi wa mikeka ya kukunja haanzi kazi kabla hajakunja kimkeka cha kiganja na kutia zambarau ndani. Likipondeka, anafumua na kuanza upya, wala haoni haya. Na kabla ya kulitia, huliita kwa jina la mtoto atakayelala katika nyumba inayoshonwa.